'Umeme na maji ndani': ndani ya mfuko wa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Tegeta. Ameandika kwamba wenye nyumba tunaopangisha kwa kodi yenye umeme na maji ndani ndio peke yetu wenye utu katika ukanda huu wa pwani, na kwamba serikali iwalazimishe na wengine wafuate. Mwenye nyumba kusifiwa gazetini ni jambo la nadra, kwa hiyo barua ile nimeikata nikaiweka. Lakini sifa yenyewe siipokei. Mtindo huo nimeuishi, hesabu zake ninazo, na zinaonyesha kwamba anayeumia ni yule yule mpangaji mdogo ambaye ndugu yangu wa Tegeta anadhani anamtetea.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Kiinua mgongo changu kimelala Ununio, mbele ya Bahari Beach, kwenye jengo la apatimenti tatu za chini lililo nyuma ya nyumba ninayoishi. Kila moja ina vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na kibaraza. Bahari huioni ukiwa ndani, madalali wasikudanganye. Unaisikia usiku, na unaiona kwenye kila chuma: grili za madirisha, bawaba za geti, mapezi ya kiyoyozi upande wa nje. Kitasa unachonunua Kariakoo leo, ukikifunga Ununio, baada ya masika mbili kinageuka rangi ya chai. Nalisema hili mapema kwa sababu wapangaji wengi hudhani mwenye nyumba akishajenga kazi yake imebaki kupokea. Huku pwani hujengi ukamaliza.

Mtindo wa bili zote ndani hatukuubuni sisi wala wapangaji. Huku kwetu umeletwa na madalali. Wa kwangu aliketi kibarazani, akanipa shikamoo mbili kwa mpigo, akaniambia: "Mama yangu, ukisema kodi laki nne na nusu halafu umeme na maji juu yake, mteja anaanza kuuliza maswali. Wewe sema laki tano na nusu, kila kitu ndani. Anakuja na pesa mkononi." Alisema kweli, walikuja na pesa mkononi, ya miezi sita kwa wawili na ya mwaka kwa mmoja.

Alichokinyamazia ni kwamba ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, na anaulipa mpangaji. Kodi ikiwa laki nne na nusu, dalali anapata laki nne na nusu. Ukiutia umeme ndani ikawa laki tano na nusu, na yeye anapata laki tano na nusu. Kwa maneno mengine mpangaji amelipia udalali wa umeme ambao dalali hakuuzalisha, hakuusafirisha, wala hajui hata nguzo yake iko wapi. Na si yeye tu. Mmoja wa wapangaji wangu analipiwa kodi na kampuni, na kampuni inapolipa inakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kwa ajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Inaikata kwenye jumla yote, yaani hata kwenye ile laki moja ambayo mimi naipitisha tu mkononi kwenda kununua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, na kulipia maji. Kwa hiyo kabla taa haijawaka, umeme wetu umeshapita kwa dalali na kwa mtoza kodi.

Sasa wapangaji wenyewe. Sitawataja, ni watu wangu na tunasalimiana vizuri. Ya kwanza anakaa kijana mwalimu, hajaoa. Anatoka alfajiri kuwahi daladala, anarudi giza limeingia, anawasha feni na taa, anasahihisha madaftari, analala. Ana friji ya kawaida na televisheni ambayo sijawahi kuisikia. Ya katikati anakaa mama mmoja mchapakazi na wanawe wawili. Anauza barafu na juisi ya ukwaju kwa wavuvi na kwa vijana wanaokuja ufukweni mwisho wa wiki, na ana mafriza mawili ya kulala yanayounguruma kutwa kucha. Ya mwisho wako mume na mke, wote waajiriwa, ndio hao wa kampuni. Hawalali bila kiyoyozi, na siwalaumu. Februari huku joto halina adabu. Upepo wa kaskazi ukitulia usiku, hata mwenyeji wa pwani anageuzwa kitandani kama chapati.

Wote watatu walikuwa wanalipa kodi sawa, na mita ya TANESCO, shirika la umeme, ilikuwa moja kwa jengo lao zima.

Nilianza kuona luku inakatika kabla ya siku zake, nikamwita fundi umeme. Akanifungia mita ndogo tatu za kuhesabu, moja kwa kila mlango, zile zinazouzwa Kariakoo kwa bei isiyofika kodi ya wiki moja. Sikumbadilishia mtu malipo. Nilitaka kujua tu, kama tulivyokuwa tunapima joto la mgonjwa kabla ya kumwita daktari. Mwezi wa kwanza wa kupima, mwalimu alitumia kama uniti 70. Mama wa barafu 190. Mume na mke 220. Jumla 480.

Tuzipige kwa shilingi. Umeme wa kundi la bei la T1, ambalo ndilo lenye wengi wetu, nishati yake ni shilingi 292 kwa uniti, na bei hiyo imesimama tangu 2016, lazima tuwape haki yao wanaohusika. Juu yake unaongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, unafika 356 na senti kidogo. Ndiyo maana ukinunua wa elfu kumi unapata uniti 28; hiyo 28 kila mtu mjini anaijua kwa moyo. Uniti 480 basi ni kama 171,000 kwa mwezi. Gawa kwa milango mitatu, kwa kuwa kodi ni sawa: kila mmoja anachangia 57,000 ndani ya kodi yake. Mwalimu, aliyetumia umeme wa 25,000, amechangia 57,000. Anamlipia mama wa barafu umeme wa kugandishia ukwaju, na anawalipia majirani baridi ambayo yeye haimfikii.

Na yule mama si mwizi, naomba hilo lieleweke. Mkataba wake uliandikwa "Mwenye nyumba atagharamia umeme na maji", basi. Haukusema kiasi. Haukusema friza ni marufuku. Mjasiriamali yeyote mwenye akili akisoma sentensi hiyo ananunua friza la tatu. Kiyoyozi nacho, cha BTU 12,000, kikifanya kazi usiku mzima kwa kuwaka na kupumzika, kinakula kama uniti tano, karibu shilingi 1,800 kwa usiku. Anayezilipa kutoka mfukoni ataweka nyuzi 26 na kufunga madirisha. Ambaye umeme wake uko ndani ya kodi anaweka 18, anafungua dirisha apate na upepo wa bahari. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mpaka hapa msomaji atasema: basi funga mita ndogo, kila mtu alipe alichotumia, umemaliza. Hapana, na hapa ndipo ninapoomba Mhariri usinipunguzie mistari.

Mita ndogo inagawa umeme kwa haki, lakini haiushushi bei. TANESCO wana kundi jingine, D1, lililowekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo wa nyumbani. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza zile asilimia 22 za makato inakuwa 122. Uniti 75 zote ni 9,150, na wengi mnaokaa kwenye kundi hilo mnaijua namba hiyo kuliko namba ya simu ya mkweo. Ukivuka 75, uniti zinazofuata ni shilingi 350 kabla ya makato, hiyo ndiyo adhabu ya kujisahau. Nchi iliamua, na naona iliamua vizuri, kwamba mtu mwenye friji, feni, taa na televisheni asilipe bei moja na mwenye kiyoyozi.

Mwalimu wangu anatumia uniti 70. Ni mtu wa D1 kabisa. Kwa mita yake mwenyewe angelipa 8,540 kwa mwezi. Kwa mita ndogo nyuma ya mita ya jengo analipa karibu 25,000. Kwa mtindo wa kila kitu ndani analipa 57,000. Ni kijana mmoja, feni moja, taa zile zile. Kwa sababu TANESCO hawamwoni yeye, wanaiona mita moja ya jengo yenye uniti 480, na mita hiyo haiwezi kuingia D1 hata ikifunga Ramadhani na Kwaresima kwa pamoja.

Sasa tazama pwani yote hii, kuanzia Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, mpaka Bunju, na ng'ambo kule Kigamboni. Ni mabanda ya uani mangapi, ni apatimenti ngapi za safu moja zinazokula kwenye mita moja? Bei nafuu ya mtumiaji mdogo imewekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini, na mtu huyo kwa kawaida ni mpangaji, na mpangaji kwa kawaida hana mita yake. Mwenye kuifaidi sana ni mzee kama mimi ninayekaa peke yangu kwenye nyumba yangu, na mita yangu, na redio. Ndiyo, Mhariri, mimi ndiye niko D1. Mwenye nyumba ananunua kwa 122, mpangaji wake mwalimu ananunua kwa 356, ukuta mmoja.

Kwa nini basi sikuweka mita tatu za TANESCO toka mwanzo? Waulize wenye nyumba wote watakujibu kwa namba moja: 320,960. Hiyo ndiyo gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini bila kuhitaji nguzo, tangu Januari 2022. Kabla ya hapo kulikuwa na kipindi cha 27,000, na aliyekuwa anajenga kipindi hicho alifanya haraka. Ukihitaji nguzo moja unavuka laki tano. Mwenye milango mitatu anayetaka kuongeza mita mbili anatoa 641,920, bila kuhesabu fundi wa kutenganisha nyaya ndani. Fedha hiyo inatoka kwangu. Anayepata nafuu ni mpangaji, ambaye mwakani huenda kahama. Mwenye nyumba akipiga hesabu hiyo anaona rahisi kumwambia dalali andika "bili zote ndani".

Mimi nimeipiga kwa upande wa pili. Mwalimu anaokoa zaidi ya 16,000 kwa mwezi akitoka kwenye mita ndogo kwenda kwenye mita yake, karibu laki mbili kwa mwaka. Gharama ya kuunganisha inarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nikamwita, nikamwambia: "Mwanangu, nitoe mimi nusu na wewe nusu, nusu yako nitaikata kwenye kodi ya mwaka wa pili ukibaki." Akaniuliza, "Na nikihamishwa kituo, Mama?" Nikamwambia nitamrudishia atakapoingia mwingine, tukaandika, akasaini na mjumbe akaweka sahihi yake. Leo ana mita yake. Kodi yake imeshuka mpaka laki nne na nusu, na luku anajinunulia kwenye simu. Amenunua na kiyoyozi? Hapana. Amenunua feni ya pili.

Kwa yule mama wa barafu mambo yalikuwa magumu zaidi na sitajifanya yaliisha kwa furaha. Uniti 190 kwa bei ya T1 ni karibu 68,000 kwa mwezi, na biashara yake ilikuwa imesimama juu ya umeme ambao hakuwa akiulipia moja kwa moja. Tulikaa tukahesabu pamoja, mifuko ya barafu kwa siku, bei yake, faida. Ikaonekana friza moja linatosha siku za kazi na la pili liwashwe Ijumaa hadi Jumapili. Alikasirika mwezi mzima. Watoto wakawa wanaamkia, yeye anapita. Sasa tunasalimiana. Mume na mke wao waliuliza swali moja tu, kama kampuni itakubali kulipa luku kando. Kampuni ilikataa, wakalipa wenyewe, na kiyoyozi kikajifunza kuzimwa saa kumi alfajiri.

Kuna jambo la kodi ya majengo ambalo huwatisha wenye nyumba kuongeza mita. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia luku. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500, na wenye maghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Watu wanaogopa kwamba mita tatu ni kukatwa mara tatu. Kodi ile ni ya jengo, si ya mita, na ni deni la mwenye jengo, si la mpangaji. Nenda ofisini kwao ukaombe ifungwe kwenye mita moja, iwe ya kwako. Utazungushwa kidogo, beba chupa ya maji, lakini inawezekana.

Maji nitayapitia upesi, si kwa kuwa hayana maneno, bali maneno yake kila mkazi wa huku anayajua. Ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanatoka Ruvu Chini, mtambo wa lita milioni 270 kwa siku, na bomba linatupita sisi wa Bunju, Boko na Tegeta kabla ya kufika mjini. Yakiwepo, yapo kweli. Oktoba 2022 mto uliposhuka kwa ukame tukaingia kwenye mgao, na hapo ndipo "maji ndani" ilipoonyesha sura yake. Mpangaji anasema umeniahidi maji. Mwenye nyumba anasema nimekuahidi maji ya DAWASA, si ya boza. Mkataba umekaa kimya. Kwenye visima vyetu vingi maji ni ya chumvi. Yanafaa chooni na kuoshea kibaraza, lakini yakiingia kwenye hita ya kuogea yanaila, na yakiingia kwenye chai utajua mwenyewe. Kwangu kuna matangi mawili na mabomba mawili, la maji ya chumvi na la maji yasiyo na chumvi, na kwenye mkataba mpya nimeandika wazi: bomba likikauka zaidi ya siku tatu, boza la kwanza ni langu, yanayofuata tunachanga. Maji nimeyaacha ndani ya kodi, kwa sababu tofauti ya mtu na mtu katika kuoga si kama tofauti ya feni na kiyoyozi, na bili ya mwezi haijawahi kuninyima usingizi. Kunyonya choo na wazoa taka pia ni juu yangu. Mambo hayo hayafai kumwachia mtu ambaye huenda akahama kabla shimo halijajaa.

Msomaji wa Tegeta anasema kodi ya jumla inamwondolea mpangaji wasiwasi. Nimeshuhudia inamletea wasiwasi mbaya zaidi, ule wa kuchunguzwa. Mwenye nyumba ambaye umeme uko mfukoni mwake anaota macho. Mtaani kwetu yuko mmoja anayepita usiku madirishani kusikiliza kama kiyoyozi kinavuma. Yuko mwingine aliyeweka swichi kuu chumbani kwake na saa nne usiku anaizima, wapangaji wanaambiwa ni TANESCO. Mwingine amekataza pasi siku za wiki. Mpangaji mzima, mwenye mke na cheo kazini, ananyosha shati lake Jumamosi kwa ruhusa. Umeme ukiwa wako, hata ukiwa mchache, hakuna wa kukugongea mlango akuulize unapika nini kwenye jiko la koili. Maharage ya saa mbili ni uniti tatu, ni elfu moja na ushei. Ukiamua kuyapika hivyo ni shauri lako na tumbo lako.

Ndugu yangu anataka sheria. Sheria tulikuwa nayo, ya 1984 ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa 2005. Tangu hapo kilichobaki kati yangu na mpangaji ni karatasi tuliyoandikiana, na tukigombana tunakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya tukiwa tumebeba karatasi hiyo. Kwa hiyo itazameni karatasi kabla hamjaitia sahihi. Kama imesema umeme ndani, iseme ni uniti ngapi kwa mwezi, na zikizidi nani analipa na kwa bei gani. Mwenye nyumba anayekataa kuandika namba amekwisha kukujibu. Na mpangaji anayekuja kwangu akakataa kuandikiwa namba, nami najua ana mafriza.

Mahali pamoja nakubaliana naye. Vyumba vya siku mbili tatu, vyenye kitanda na mashuka, wanavyopangisha wenzetu kwa wageni wa Bahari Beach na Mbezi, hivyo viwe na kila kitu ndani. Mgeni wa Ijumaa mpaka Jumapili huwezi kumpa kadi ya luku. Vivyo hivyo mfanyakazi aliyeletwa kwa mradi wa mwezi mmoja. Bei yao ni ya usiku na inajua kujilinda. Ninayemsemea mimi ni mtu wa mkataba wa mwaka, ambaye atalala kwenye nyumba hiyo masika na kiangazi.

Ombi langu kwa TANESCO na kwa EWURA wanaopitisha bei ni dogo. Jengo ambalo tayari lina waya kutoka kwenye nguzo, lina mita, na mwenye nyumba anaomba mita ya pili na ya tatu kwa ajili ya wapangaji wa kuishi, lisitozwe 320,960 nzima kama kiwanja kipya. Nguzo ipo, fundi anakuja mara moja, anafunga mita mbili badala ya moja. Mtoze bei ya mita na kazi ya siku hiyo. Hata mkiruhusu tulipe kidogo kidogo kwenye luku, kama mnavyokata madeni mengine, wenye nyumba wengi watakubali, na wapangaji watakubali kwa mikono miwili. Mtapata wateja wapya wa D1, najua, wa bei ya chini. Lakini bei hiyo mliiweka kwa ajili yao.

Na wewe Mhariri, kwenye kurasa zako za matangazo madogo madogo naona kila wiki "apatimenti, karibu na bahari, bili zote ndani, haraka". Mwombe mwenye tangazo aongeze vitu viwili: mita ni za nani, na uniti ni ngapi. Havizidi nusu mstari. Ukiona gharama ya nafasi itamlemea, mstari wa "karibu na bahari" uutoe. Wengi wao nawafahamu, na kutoka kwao hadi majini ni bajaji.

Muuguzi mstaafu na mwenye nyumba,
Ununio, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)